Tundu la Sita Lina Mwenyewe

Bastola ilikuwa na matundu sita, lakini ililia mara tano.

Nasipwondi alirudia. Kila anapovuta nyundo kwa kidole gumba, silinda husogea tundu moja na kujifunga mahali pake kwa mlio mdogo mkavu, ta, mlio ambao fundi wa silaha huusikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Ta, ta, ta, ta, ta. Mara ya sita silinda ilisogea, ikafika, ikatulia, na hakikusikika kitu. Si kwamba ilikwama. Ilifika kimya, kama mtu aingiaye nyumba ambayo wenyewe wamelala.

"Tano," alisema.

"Hesabu vizuri, Fundi," Kiti alimjibu kutoka mezani kwake bila kuinua macho kwenye rejista. "Huko Bungoma huwa mnaruka namba gani?"

"Wewe Kiti, wacha maneno. Leta ile taa."

"Uliza kwanza kama Kiti yupo."

"Kiti iko. Si namwona?"

"Yuko! Yupo! Yumo!" Kiti alisimama na taa mkononi. "Miaka mitatu namfundisha mama huyu. Iko ni ya nyumba, iko ni ya nguo. Mimi ni mtu. Nina mke, nina roho, nina jino bovu. Yuko!"

Walikuwa wawili tu katika karakana ile, nyuma ya ghala la majani ya chai pale Shimanzi, mlango wa chuma mbele, ua mdogo wenye bomba la maji nyuma, na dirisha dogo la nondo la kupokelea wateja. Nasipwondi alikuwa ametumikia ghala la silaha la magereza miaka kumi na miwili, akaacha kazi siku aliyochoka kupigia saluti watu wasiojua kusafisha mtutu. Kiti wa Dzoro, mwanamume wa Kaloleni, mwembamba, wa miaka hamsini na minne, ndiye aliyeandika kila silaha inayoingia na kutoka. Tajiri wao, mwenye leseni, alifika mara moja kwa wiki, akakohoa, akaondoka.

Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, ya risasi nyembamba za pointi ishirini na mbili, kuukuu, nyeusi iliyopauka. Ililetwa Ijumaa na Mejumaa, binti wa marehemu Mzee Shebwana wa Ndia Kuu. Mzee alikuwa na kibali; binti hana, na sheria haimruhusu kukaa nayo. Tajiri alishapata mnunuzi mwenye kibali huko Nyali. Kilichobaki ni fundi aikague na kuithibitisha.

Mejumaa aliikabidhi kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mtu mtoto wa mwenziwe. "Babangu akitia risasi tano tu," alisema. "Tundu la sita lina mwenyewe. Hutoligusa, mamangu. Nakutaka radhi, lakini hutoligusa."

Nasipwondi aliitikia kwa kichwa. Desturi hiyo aliijua. Wazee wenye bastola za namna hii huliacha tupu tundu lililo chini ya nyundo, ili ikianguka sakafuni isije ikamuua mwenyewe. Hilo neno la "lina mwenyewe" aliliweka katika mapambo ya watu wa Mji wa Kale, ambao watakusalimu dakika tano kabla ya kukuarifu kwamba nyumba yako inaungua.

Sasa aliifungua silinda na kuielekeza dirishani, kwa maana silaha yoyote ina risasi mpaka fundi aone kwa macho yake kwamba haina. Matundu matano yalimwonyesha mbingu ya Shimanzi, nyeupe kwa vumbi la malori. La sita lilikuwa jeusi. Halikuwa na risasi. Lilikuwa limejazwa kitu, kikashindiliwa na kusawazishwa kwa nta, na nta yenyewe ilikuwa imechuruzika nje, ikaziba kile kijishimo ambamo kabari ya silinda huingia na kulia.

"Ndiyo maana hailii," alisema, na akafurahi, kwa sababu hakuna kinachomfurahisha fundi kama ugonjwa wenye sababu. "Ni uchafu."

Kiti aliinamisha taa. "Huo si uchafu, Fundi. Huo umetiwa."

"Uchafu wote umetiwa na mtu."

Alichukua ufito wa shaba na nyundo ya mti, akagonga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kile kitu kilitoka na kuangukia kitambaani. Kilikuwa karatasi iliyosokotwa na kufungwa kwa uzi mweusi, na penye mkunjo palionekana maandishi ya zafarani. Harufu yake ilikuja nyuma kidogo, kama iliyokuwa ikijifikiria. Ilikuwa harufu ya mafuta ya uto yaliyochacha, na chini yake harufu ya kichwa cha mtu aliyelala siku nyingi.

Kiti alirudi nyuma hatua mbili. "Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Ulivyokikuta, rudisha vile vile. Fundi, haya ni maandishi."

"Mnunuzi anataka bastola ya matundu sita. Hakusema anataka matano na kitabu."

"Nimekwambia."

"Umeniambia. Sasa washa moto kwenye pipa."

Kiti hakuwasha. Aliuwasha mwenyewe, akaitia karatasi pamoja na vitambaa vya mafuta, kisha akarudi kwenye kazi na kuifanya kama alivyofanya kazi zote, yaani kupita kiasi. Aliondoa masizi chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje. Alikaza parafujo iliyolegea. Akalisugua tundu la sita kwa dawa laini na kipande cha sufi mpaka likang'aa kuliko wenzake watano, hata ukitazama ndani uliona jicho lako mwenyewe. Halafu akavuta nyundo. Ta, ta, ta, ta, ta, ta.

"Sita," alisema. "Andika."

Kiti aliandika, lakini kwa mkono uliochukua muda kuikubali kalamu.

Bastola ya risasi ndogo kama hiyo haifyatuliwi tupu, kwa kuwa pini hugonga ukingo wa tundu na kuuharibu. Kwa hiyo jioni ile ya Jumatatu Nasipwondi alitia maganda sita yaliyokwisha kutumika, akafyatua mara sita kupima nguvu ya pini, akayatazama maganda kwa kioo cha kukuzia. Kila ganda lilikuwa na alama mbili ukingoni, ya zamani na ya leo. Akayarudisha ndani, akaifungia bastola katika kasha la chuma. Kasha lile lilikuwa na funguo mbili, mmoja wake, mmoja wa Kiti, na hakuna uliofungua peke yake.

Jumanne asubuhi walilifungua pamoja. Maganda matano yalikuwa kama alivyoyaacha. La sita lilikuwa limeng'atwa duara zima, alama juu ya alama, mfano wa meno ya mtoto kwenye kipande cha sabuni. Nasipwondi alizihesabu kwa kioo. Zilikuwa arubaini na moja.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Kwa ufunguo upi?"

Walitazamana. Ni jambo baya kumtazama mtu unayemwamini ukitafuta uwongo, na baya zaidi kutouona. Nasipwondi aliliondoa ganda, akatia jingine, akasema labda alilitia bovu tangu mwanzo. Kiti hakubisha, na kutobisha kwake kulimuudhi kutwa nzima.

Ilipokaribia adhuhuri, jua la utosi, madereva wa malori walizima injini wakaenda kula, na Shimanzi ikapata ule ukimya wake wa nusu saa. Kiti alikwenda uani kunawa. Nasipwondi alikuwa amejiinamia, kioo jichoni, akitazama mtutu, aliposikia sauti dirishani nyuma ya mgongo wake.

"Salaam aleikum, mwanangu. Wa hali gani?"

Ilikuwa sauti ya mzee, ya taratibu, yenye adabu. Aliijibu bila kugeuka. "Salama."

"Watu wa nyumbani?"

"Wazuri."

"Kazi yendaje?"

"Iko sawa. Nikusaidie nini, mzee?"

"Nimesimama tangu yana, mwanangu. Nimetoka. Naomba kiti."

Kila siku walifika watu dirishani kumtaka Kiti. Huyu anataka fomu, yule anataka sahihi. Na kila mmoja hudai amesimama tangu jana. Nasipwondi alikuwa na kipande cha unyoya kwenye koleo na hakutaka kupumua.

"Kiti iko hapo nyuma," alisema. "Mimi nimemaliza. Chukua tu."

"Umenipa?"

"Nimekupa, mzee, nimekupa."

"Nimepokea," ilisema ile sauti, na harufu ya uto ikapita nyuma ya shingo yake, ikaelekea uani.

Hapo ndipo alipogeuka. Dirishani hapakuwa na mtu, na nje ya dirisha, katika vumbi la mtaa mzima, hapakuwa na kivuli cha kitu isipokuwa malori. Alimwita Kiti. Akamwita tena, kisha akaenda uani.

Kiti alikuwa ameketi, na chini yake hapakuwa na kitu. Alikuwa ameketi hewani karibu na bomba, mgongo umenyooka kana kwamba umeegemea, magoti yamekunjika sawasawa kama pembe ya meza, viganja juu ya mapaja, macho wazi, na suruali yake ya kaki ilikuwa imelala bapa juu ya mapaja kwa namna ambayo nguo hailali yenyewe, imebanwa, imebonyea, na Nasipwondi alipokuwa akitazama, huo mbonyeo ulisogea, ukajiweka vizuri, kama mtu mzito anayetafuta pa kutulia, na kutoka kifuani mwa Kiti pumzi ikatoka yote, kidogo kidogo, kama upepo unaotolewa kwenye mto wa sufi.

Alitaka kumshika akashindwa kumshika. Alisimama pale mpaka adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka msikiti wa jirani, na ilipokwisha, Kiti akaanguka kwenye maji.

"Nani alikuwa hapa?" Kiti aliuliza kwa mnong'ono alipoweza kuongea.

"Hakuna."

"Kuna mtu alinikalia, Fundi."

"Umepandisha presha. Umekunywa maji leo?"

"Alinikalia. Hana hasira. Amechoka tu, amechoka sana. Anasema umempa."

Nasipwondi alimpeleka kwa daktari. Daktari alisema ni misuli. Jumatano adhuhuri ilimkuta Kiti karakanani, amekataa kubaki nyumbani kwa kuogopa kumtisha mkewe, Mirriam; na Jumatano adhana ilipokwisha hakuachiliwa, alikaliwa saa nzima. Alipoachiliwa, pindo za suruali yake zilikuwa zikiburura chini upana wa vidole viwili. Suruali haikuwa imeongezeka.

Alhamisi Nasipwondi alifanya alichojua, yaani kupima. Alimpandisha kwenye mizani ya magunia ya ghala la jirani kabla ya adhuhuri. Kilo hamsini na nane. Akamwacha hapo hapo juu. Malori yakanyamaza, harufu ikaja, magoti ya Kiti yakakunjika, na mshale ukaanza kupanda polepole, kwa heshima, sabini, tisini, mia na kumi, ukasimama kwenye mia na thelathini na moja, na makuli wawili waliokuwa wakila mihogo kando waliinuka, wakaacha mihogo, wakaondoka bila kukimbia, kwa ule mwendo wa mtu anayejua kwamba akikimbia atafuatwa. Alikaa mpaka alaasiri.

Hitilafu yoyote ina pale ilipoanzia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine: silaha iliyokuwa nzima jana ikiharibika leo, jiulize umegusa nini katikati. Alijua amegusa nini. Alimlaza Kiti kwenye magunia, akapanda tuktuk hadi Ndia Kuu.

Mejumaa alimfungulia, akamtazama usoni, akasema, "Umeligusa."

"Nimelisafisha."

"Shangazi!" Mejumaa aliita kuelekea ghorofani. "Mamangu we, shangazi, ndoo, shuka! Wamelitoa!"

Shangazi yake, Bi Mwanakuu, ndiye aliyeiandika ile hati ya tunduni. Alikuwa amesomesha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini, na jioni akiandika makombe, yale maandishi ya zafarani ambayo wagonjwa huyaosha na kuyanywa, na hakuona kazi hizo mbili zina tofauti kubwa. Alimkalisha Nasipwondi mbele yake.

"Nambia ulivyosema. Neno kwa neno, usinipambie."

"Alisema, naomba kiti. Nikasema, Kiti iko hapo nyuma, chukua tu. Akauliza, umenipa? Nikasema nimekupa."

"Huyo Kiti ni nani?"

"Mwenzangu wa kazi. Ni jina lake. Mgiriama."

Bi Mwanakuu alifumba macho. "Iko," alisema.

"Ndiyo."

"Kitu ni kiko. Mtu ni yuko. Ungalisema yuko, angalijua ni mwana wa watu, akapita. Ungalisema kiko, angalitafuta kigoda. Wewe umesema iko, ukamwatia atague mwenyewe, mtu au kigoda."

"Shangazi, huu si wakati wa masomo," Mejumaa alisema.

"Ndio wakati wenyewe! Masomo nilipoyatoa walikuwa wapi?" Akamgeukia tena Nasipwondi, na sauti yake ikashuka. "Sisi kwetu, mtu apandwaye na pepo huitwa kiti. Kiti cha pepo. Sasa umempa mtu ambaye hata ina lake, hilo Kiti, lamwalika jini. Na umempa mara mbili, na mwenyewe akapokea. Hiyo ni hati timilifu, hata kadhi hawezi kuivunda."

"Anataka nini?"

"Kukaa. Ni mkongwe. Nduyangu Shebwana alimkuta katika nyumba hii, nikamfunga katika chuma, na Shebwana akamtunza miaka thalathini na moja. Kila Ijumaa akimtia uto, akimsalimu, akimuuliza hali. Hana ubaya, mwanangu. Ana uzito."

"Na Kiti? Atamfanya nini Kiti?"

"Kiti hufanywani? Hukaliwa hata kivundike miguu." Alihesabu kwa vidole. "Mumesema Jumanne, Jumatano, leo. Kesho ni adhuhuri ya nne. Kesho akikaa hainuki tena. Tutakuya kabla. Nitaandika hati mpya, wewe utaitia katika tundu lake, nami nitamwita. Na likitoka swali, usijibu. Nitajibu mimi, au lisiwe na jibu. Umesikia? Ulimi wako umeshafanya kazi ya kutosha."

Ijumaa walifika saa tano na nusu, Bi Mwanakuu na mkoba wake, Mejumaa na chetezo cha ubani. Kiti alikuwa juu ya pipa la mafuta, amekataa kushuka. Uso wake ulikuwa umeshuka mashavuni kama nguo iliyolowa, na alipojaribu kucheka alishika mbavu.

"Fundi," alisema, "leo niite vyovyote. Iko, kiko, liko. Sitakusahihisha."

"Nyamaza, Kiti."

"Mirriam nimemwambia nimetumwa Voi. Nikikaa kabisa, mwambie mwenyewe. Usimtume tajiri, atakohoa tu."

"Nimesema nyamaza."

Malori yalizimwa moja baada ya jingine. Lile la mwisho liliponyamaza, kila mmoja wao alisikia uto kabla hajaunusa, kama mlio wa kitu kinachochuruzika, na pipa likaviringika kando lenyewe, lakini Kiti hakuanguka, alibaki pale pale hewani lilipokuwa pipa, magoti yake yakapiga pembe, mikono ikalala mapajani, na safari hii mbonyeo haukutafuta mahali, ulijua mahali, ukashuka wote kwa mara moja.

"Hati," alisema Bi Mwanakuu. "Itie."

Nasipwondi aliifungua silinda, akatoa maganda. Karatasi ilikuwa imesokotwa vizuri, imefungwa uzi, imepakwa nta ya moto. Aliisukuma katika tundu la sita. Iliingia, na alipoondoa kidole ilitoka yenyewe taratibu, ikaanguka mezani. Akaitia tena, akaishikilia, akahesabu mpaka kumi, na alipoachilia ikateleza tena, kwa kuwa nta haikupata pa kushika. Ukuta wa tundu ulikuwa laini kama kioo. Kutu ya miaka thelathini na moja, iliyoishikilia ile hati ya kwanza, ilikuwa imekwisha ndani ya kipande cha sufi.

"Umelisugua," alisema Bi Mwanakuu.

"Ndiyo."

"Sana."

"Ndiyo kazi yangu, Mwalimu."

Nyuma yao Kiti alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Nasipwondi alinyakua tupa ya mviringo, nyembamba kama sindano ya magunia, akaitia katika tundu lile na kulikwaruza, jambo ambalo hajawahi kulifanya wala kumruhusu mtu kulifanya, akalikwaruza huku na huku mpaka chuma kikatoa unga, mpaka mng'ao wote ukafa na tundu likawa halifai tena kwa risasi yoyote, akafuta, akaitia hati kwa mara ya tatu, akaisukuma kwa ufito wa shaba, na hati ikashika.

Bi Mwanakuu alisogeza chetezo. Alisoma kwa muda, midomo tu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mgeni mezani, "Bwana mkubwa, nyumba yako hiyo. Rudi."

Mdomo wa Kiti ulifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya dirishani, ya taratibu, yenye adabu.

"Nyumba naiona, Mwanakuu. Ina makovu, lakini ni yangu. Shebwana hayuko tena. Nani atanitunza?"

Bi Mwanakuu aliinua kidole kumzuia kila mtu. "Atakutunza Aliyekuumba."

"Huyo namuyua. Nauliza aliye hapa."

Mejumaa alikuwa ametazama sakafu. Alikulia katika nyumba ile, alimwona babake Ijumaa kwa Ijumaa, na alikuwa amekwisha kuikataa kazi hiyo moyoni siku nyingi kabla ya leo. Ile sauti ilingoja. Haikuharakisha. Ilijiweka vizuri tu mahali ilipokaa, na mgongo wa Kiti ukaalika, mahali pamoja, kwa chini, na machozi yakamtoka Kiti bila uso wake kubadilika, kwa kuwa uso haukuwa wake tena, ila machozi bado yalikuwa yake, na Nasipwondi aliyatazama yakifika kidevuni na kudondoka, akajua kwamba yule bwana angengoja hivyo hivyo mpaka magharibi, mpaka kesho, na kwamba yeye mwenyewe asingeweza kungoja hadi tone lifuatalo.

"Mimi," alisema.

Neno hilo halina ngeli ya kukosea.

"Umenipa?"

"Nimekupa."

"Nimepokea."

Kiti alianguka kifudifudi na kuvuta pumzi kwa kishindo kama aliyetolewa baharini. Bi Mwanakuu alimimina nta juu ya tundu la sita, akaifunga silinda, akaweka bastola mezani. Akafunga mkoba.

"Nilikwambia usijibu."

"Angevunjika."

"Angalivundika, ndio." Alimtazama kwa muda, si kwa hasira. "Ijumaa kwa Ijumaa. Msalimu kabla hujamgusa. Uto, si haya mafuta yenu ya mikebe. Na hutosafiri naye, na hutomwata mtu mwengine amshike, na ukiumwa utamtia uto vivyo hivyo."

"Mpaka lini?"

"Shebwana nimemuosha maiti mwezi wa tatu," alisema Bi Mwanakuu, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nasipwondi alikwenda kwenye meza ya Kiti, akaandika katika rejista kwa mkono wake kwamba silaha imekaguliwa, tundu moja limeharibika, haitengenezeki, haiuzwi. Lilikuwa jambo la kweli, kwa hiyo hakuona ugumu kulitia sahihi. Mejumaa na shangazi yake walimwinua Kiti, mmoja kila upande, wakampeleka kwenye tuktuk. Alikuwa mfupi kuliko alivyokuwa Jumatatu, lakini alitembea, na mlangoni aligeuka.

"Fundi. Funga, twende. Mirriam atatupikia."

"Nakuja. Niiweke kwenye kasha."

Aliishika bastola. Haikuinuka. Akadhani ni nta imeigandisha mezani, akaishika kwa mikono miwili na kuivuta, nayo ikaja pole pole, mbao za meza zikilia, mpaka ukingoni. Na hapo uzito wake ukamfika mabegani, na akaelewa kwamba akiiachia itapasua sakafu, na akiendelea kusimama nayo itampasua yeye. Alivuta kigoda kwa mguu. Akaketi, akaipokea, akaipakata. Ile bastola ndogo ilisogea mapajani mwake kushoto, ikasogea kulia, ikatafuta, ikapata. Pumzi yote ikamtoka Nasipwondi kifuani.

Nje injini ya tuktuk ilikuwa ikinguruma. Kiti alikuwa bado mlangoni, akimtazama, mkono mmoja kwenye fremu ya chuma.

"Fundi? Huji?"

"Nendeni," alisema Nasipwondi. "Mimi nitakaa kidogo."